Nyota Zilizosomwa Mezani

Kwenye kioo cha picha, nyota haikuonekana kama nukta. Ilikuwa utepe mwembamba wenye mistari myeusi, kwa sababu mwanga wake ulitawanywa na prisma kabla ya kupigwa picha. Vioo vya namna hiyo vilijaa katika kituo cha falaki cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na mkuu wake, Edward Pickering, aliajiri wanawake wavisome kwa ujira wa takriban senti 25 kwa saa. Williamina Fleming alikuwa mtumishi wa nyumbani kwake kabla ya kupewa kazi hiyo.

Fleming alizigawa nyota kwa herufi, A, B na kuendelea, kulingana na mistari ya hidrojeni. Annie Jump Cannon, aliyeanza kazi mwaka 1896 akiwa na tatizo la kusikia, alizipunguza herufi na kuzipanga upya: O, B, A, F, G, K, M. Wanafunzi wa falaki wanaikariri hadi leo alfabeti hiyo iliyovurugika. Kumbe ni ngazi ya joto: O ni za buluu na kali kupita zote, M ni nyekundu na zimepoa. Jua letu ni G. Cannon aliainisha nyota takriban 350,000.

Kwa nini basi mistari itofautiane? Jibu lilitoka kwa Cecilia Payne, Mwingereza aliyesoma Cambridge bila kupewa digrii, kwa kuwa alikuwa mwanamke, kisha akaja Harvard. Akitumia hesabu za Meghnad Saha wa India, alionyesha kwamba kinachotofautiana hasa ni joto. Mchanganyiko wa nyota karibu ni uleule, na sehemu kubwa mno ni hidrojeni na heli. Wakati huo wataalamu waliamini Jua limeumbwa kwa vitu vilevile vya Dunia. Henry Norris Russell, mwenye sauti kubwa katika fani hiyo, alimwambia haiwezekani. Basi katika tasnifu yake ya 1925 Payne akaandika kwamba matokeo yake mwenyewe karibu kwa hakika si ya kweli. Binafsi, sentensi hiyo hunichoma.

Mwaka 1929 Russell alifika palepale kwa njia nyingine. Alimtaja Payne, lakini sifa nyingi zilimwendea Russell. Bila ugunduzi huo maisha ya nyota yasingeelezeka: nyota kama Jua huunguza hidrojeni kiini chake kikiwa nayo, ikiisha humo huvimba na kuwa jitu jekundu.

Payne alibaki Harvard. Kwa miaka mingi kozi alizofundisha hazikuorodheshwa katika kitabu cha masomo cha chuo. Uprofesa kamili aliupata mwaka 1956.