Miale kwanza au kisu kwanza?

Haya wadau, ratiba ya mitihani imeshabandikwa, na mimi badala ya saikolojia ya elimu nasoma historia ya radiamu. Mnivumilie.

Nazungumzia saratani inayoanzia kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, siyo ile ya shingo ya kizazi tunayoisikia kila siku. Akina Curie waligundua radiamu mwaka 1898. Mwaka 1910 ikafunguliwa Radiumhemmet kule Stockholm, na miaka ya 1930 daktari wa pale, James Heyman, akawa anaujaza mfuko wa uzazi kapsuli ndogondogo za radiamu, nyingi kadiri zitakavyoenea, ili miale ifike kila kona. Marekani wengi wakaigeuza kuwa maandalizi: radiamu kwanza, subiri wiki kadhaa, ndipo kizazi kiondolewe. Hoja ilikuwepo jamani. Uvimbe unasinyaa, na chembe zitakazodondoka wakati wa kukata zimeshakufa.

Shida sasa. Sisi watu wa historia tutaielewa upesi: nyaraka zilichomwa kabla hazijasomwa! Kizazi kikifika maabara uvimbe umeshaungua, hakuna wa kusema ulichimba ukuta kwa kina gani, na kina ndicho kinachoonyesha hatari ya ugonjwa kurudi. Mama ambaye kisu peke yake kingemtosha alipigwa miale sawasawa na mwenye hali mbaya.

Mwaka 1988 FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, likaamua hatua ya ugonjwa ipangwe kwa yaliyoonekana baada ya upasuaji. Miale ikasogezwa nyuma. Halafu mwaka 2000 Waholanzi wakatoa utafiti wa PORTEC, wanawake 714 wa hatua ya kwanza, wote wameshapasuliwa. Katika miaka 5 ugonjwa ulirudi ukeni au nyongani kwa asilimia 4 ya waliopewa miale na asilimia 14 ya wasiopewa. Kuishi je? Hakukuwa na tofauti ya maana.

Haya yote nimemwandikia mjomba, aliyekuwa anafoka kwenye simu eti kwa nini dada yake, mama yangu mdogo, amepasuliwa bila kupewa miale kwanza. Mama mdogo alianza kutoka damu miaka saba baada ya hedhi kukoma, akanyamaza miezi mitatu kwa aibu. Sasa tunasubiri majibu ya maabara kuhusu hicho kina. Mjomba hajajibu, ila ameacha kufoka.