Kutoka Nkende hadi Mirembe: Tiba ya Skizofrenia na Umbali Wake

Waingereza walipofungua Hospitali ya Mirembe ya wagonjwa wa akili mjini Dodoma mwaka 1927, Nkende, kwa Wakurya wa Tarime, ilikuwa mbali nayo mno. Mgonjwa ilibidi ashushwe Musoma, avushwe ziwa hadi Mwanza, kisha apandishwe treni ya kupitia Tabora. Na reli yenyewe haikufika Mwanza hadi mwaka 1928. Kabla ya Mirembe, Wajerumani walikuwa na hospitali ya aina hiyo huko Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara. Aliyepelekwa Lutindi au Mirembe alitengwa na ukoo wake, lugha yake, hata chakula alichokizoea. Naamini umbali huo ulichangia kulifanya jina la Mirembe liwe tusi nchi nzima.

Skizofrenia ilipewa jina hilo na daktari Mswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908. Mara nyingi humkuta mtu akiwa kijana: anaanza kujitenga, anasikia sauti za watu wasiokuwepo, anaamini anafuatiliwa, maneno yake hayashikani. Duniani humpata takriban mtu 1 kati ya 300.

Kwa Wakurya wa upande wa Kenya, hospitali ya aina ya Mirembe ilikuwa Mathari, Nairobi, iliyoanza mwaka 1910. J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akidai Mwafrika hatumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Ulikuwa ubaguzi uliovikwa koti la daktari, na inauma kwamba ulipigwa muhuri na chombo kikubwa namna ile.

Mwaka mmoja kabla, jijini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walikuwa wameonyesha kwamba dawa ya klopromazini hutuliza sauti na hofu za skizofrenia. Baadaye ikaja sindano ya kila baada ya wiki kadhaa, na mgonjwa akaweza kutibiwa akiishi kwao. Tanzania ilianzisha vijiji vya wagonjwa kulima na kufuga, kama Hombolo karibu na Dodoma. Miaka ya 1980 ukaja mpango wa kupeleka tiba ya akili hadi zahanati, ukianzia Kilimanjaro na Morogoro.

Tarime, ambako bangi imelimwa kwa siri miaka mingi, kijana akibadilika watu husema kalogwa, au kapata laana, au kavuta. Hilo la bangi lina ukweli. Utafiti wa mwaka 1987 uliofuatilia vijana wa Sweden zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini ulionyesha kwamba waliovuta sana waliugua mara sita zaidi ya wasiovuta. Lakini katika utafiti huohuo, wengi wa waliougua hawakuwahi kuvuta kabisa. Urithi wa damu una nguvu kubwa, na mama hastahili kulaumiwa kwa malezi, wala mtoto kwa tabia.

Mgonjwa akipata nafuu, mara nyingi dawa huachwa kwa kudhani kapona, na sauti hurudi. Anayeanza dawa miezi ya mwanzo huwa na matumaini kuliko aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba mwaka mzima, na hata akihitaji hospitali kubwa, Bugando ya Mwanza ina idara ya magonjwa ya akili.