Namba ya Presha Haisimami Peke Yake

Mwaka 1896, mjini Turin, daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitangaza kifaa cha kufungwa mkononi: mkanda wa mpira unaojazwa hewa mpaka mapigo yapotee, na bomba la zebaki la kusomea presha. Mkanda wake ulikuwa mwembamba, kama sentimita 5, na mwaka 1901 Heinrich von Recklinghausen wa Ujerumani alionyesha kuwa wembamba huo unaipandisha namba kuliko ilivyo. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff aliongeza stetoskopu juu ya mshipa, na hapo presha ya chini ikaweza kupimwa pamoja na ya juu. Ndani ya miaka 10 tu ilishajulikana kwamba namba ya presha hutokana na mwili wa mgonjwa, kifaa na mpimaji kwa pamoja. Ndiyo maana matokeo ya jaribio lolote la tiba ya presha hayasomeki vizuri bila kujua namba zake zilipatikanaje.

Tuanze na mpimaji. Hewa inapotolewa, zebaki inateremka huku yeye akisikiliza, na mlio unapobadilika lazima aamue papo hapo ni mstari upi. Bomba lina alama kila milimita 2, lakini kwenye daftari namba zinazoishia na sifuri hujaa kupita kiasi. Kama anayeingizwa kwenye jaribio ni mwenye presha ya chini kuanzia 90, mtu wa 88 hugeuka kuwa wa 90 bila mtu kukusudia udanganyifu. Watafiti wa Uingereza walijaribu kumfumba macho mpimaji. Mwaka 1964 Geoffrey Rose na wenzake walitoa mashine inayoficha zebaki: mpimaji akisikia mlio anabonyeza, na namba anaiona baada ya kumaliza. Mwaka 1970 Wright na Dore wakaleta nyingine ambayo sifuri yake huhamishwa kibahati, na kiasi kilichohama hutolewa mwishoni. Baadaye ikabainika kuwa hiyo ya pili husoma chini kidogo. Dawa ya kosa moja ilikuja na kosa lake.

Wapo watakaosema wasiwasi huu umepita kiasi, kwa kuwa washiriki hugawanywa kwa bahati nasibu na makosa ya vipimo huangukia makundi yote mawili sawasawa. Hoja hiyo ina nguvu pale tu ambapo mgonjwa na mpimaji hawajui nani amepewa nini. Mwaka 2010 jaribio la kuunguza neva za figo ili kushusha presha, SYMPLICITY HTN-2, lilikuwa na wagonjwa 106 na halikuficha kitu. Presha ya juu ilitofautiana kati ya makundi kwa milimita 33. Mwaka 2014 HTN-3, yenye wagonjwa 535, iliwafanyia wengine utaratibu wa kuigiza tu, na tofauti ikashuka hadi milimita 2 na kitu. Baadhi walilaumu ufundi wa madaktari, na huenda ulichangia. Lakini ufundi hauelezi kwa nini waliofanyiwa maigizo nao walishuka milimita 12 hivi. Baadhi ya majaribio yaliyofuata, yenye maigizo na vipimo vya saa 24, yaliona faida ya kweli, ila ndogo.

Pingamizi jingine ni zito zaidi: uangalifu wa namna hii haupo kwenye zahanati, kwa hiyo una faida gani? SPRINT, jaribio la Marekani la mwaka 2015 lenye watu 9,361, lililinganisha lengo la presha ya juu isiyofika 120 na lile la isiyofika 140. Mgonjwa alipumzika dakika 5, kisha mashine ikampima mara tatu, mara nyingi bila mhudumu chumbani. Presha ikipimwa haraka haraka, mgonjwa akiwa ndiyo kwanza ameketi, kwa kawaida husomeka juu zaidi. Daktari akilifukuza lengo la 120 kwa vipimo vya namna hiyo, atamzidishia mgonjwa dawa. Pengo hilo halifuti thamani ya uangalifu, ndilo linaloulazimisha. Wala si anasa ya nchi tajiri. CREOLE, jaribio la mwaka 2019 lililofanyika katika nchi sita za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, lililinganisha dawa kwa presha ya saa 24, iliyorekodiwa na mashine aliyotembea nayo mgonjwa. Kwa hiyo mwongozo wa tiba unapoiga lengo la jaribio, uige na namna lilivyopima. Bila hivyo, lengo hilo halina msingi.