Grisi, Mchanga na Jina la Liemba

Huku kwetu Sumbawanga ukitaja Liemba, kila mtu anajua unazungumzia meli. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya meli hilo lilikuwa jina la ziwa lenyewe, upande huu wa kusini. Livingstone alipofika ukingoni mwake Aprili 1867, ndilo jina alilolisikia kwa wenyeji, akaliandika. Miaka 60 baadaye Waingereza waliibandika jina hilo meli ya Mjerumani. Hapo katikati kuna vita, na meli nzima iliyolazwa chini ya maji.

Hebu tuanze na ujenzi, maana ndio unaonishangaza kuliko mizinga. Mwaka 1913 karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, iliunda meli ya abiria na mizigo, ikaiita Graf von Götzen. Huyo Götzen ndiye aliyekuwa gavana wakati wa Maji Maji, msomaji asisahau. Kisha wakaifungua kipande kwa kipande, wakaipanga katika makasha yapatayo 5,000 na kuipakia melini hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ilisafiri kwa Reli ya Kati, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja kusimamia kazi ya kuiunganisha upya. Iligusa maji Februari 1915, vita tayari imewaka.

Lakini watatu hao hawakuinua mabamba ya chuma peke yao. Walikuwapo mafundi wa Kihindi wa kugonga ribiti, na vibarua wengi Waafrika. Kila simulizi ya meli hii niliyowahi kuisoma inawataja Rüter na wenzake kwa majina kamili, halafu hao wengine wanafungwa pamoja kama mzigo: "wafanyakazi". Basi.

Kwa nini meli moja iwe na thamani hivyo? Kwa sababu ziwa ndilo lilikuwa barabara. Mbelgiji yuko ng'ambo ya magharibi, Mwingereza yuko kusini, na mwenye meli kubwa ndiye anayeamua askari watatua wapi. Waingereza walijibu kwa jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni porojo: boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilisafirishwa kutoka Uingereza hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Katanga, zikakokotwa milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, mpaka ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen haikuguswa, kamanda wao, Spicer-Simson, hakuthubutu kupambana nayo.

Vita hiyo ilifika mpaka chini ya milima yetu. Kasanga, kilomita 112 kutoka Sumbawanga kwa barabara ya Matai, ndiyo Wajerumani waliyoiita Bismarckburg, na ngome yao ilikuwa hapo. Juni 1916 kikosi cha Waingereza kilikuja kwa nchi kavu kutoka upande wa Abercorn, yaani Mbala ya leo, na boti za Spicer-Simson zikaja kwa maji. Alipoiona ngome, aliogopa mizinga yake akageuza. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa njia hiyo hiyo ya ziwa aliyoiacha wazi. Tarehe 8 Juni ngome ilikuwa mikononi mwa Waingereza, tupu.

Kigoma nayo ilikuwa inapigwa mabomu na ndege za Wabelgiji, na jeshi lao linakaribia. Amri ikatoka: meli izamishwe. Rüter na wenzake waliijaza mchanga, wakapaka mitambo grisi nene, kisha tarehe 26 Julai 1916 wakaishusha taratibu karibu na mdomo wa Malagarasi. Wengi husimulia hapa mapenzi ya fundi kwa kazi ya mikono yake. Sawa, lakini mimi naona na kingine. Mtu hapaki grisi kitu anachokitupa. Walitegemea kurudi, kwenye meli na kwenye nchi.

Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua Machi 1924, wakakuta injini na boila bado zinafaa. Mei 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba, na ikatia nanga Kasanga kwa miongo mingi. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati, kwa hiyo meli ilisimama majini, mitumbwi ikaifuata na abiria, mihogo na migebuka, watu wakipandishana kwa kushikana mikono, wengi wao bila kujua kwamba zamani meli ile ilikuwa na jina la gavana.