Kimo cha Vijana wa Mjini na wa Shamba

Mabishano juu ya mahali kijana anapokua vyema zaidi, mjini au shamba, ni ya siku nyingi, na hayajaisha kwa sababu kila upande waweza kutoa ushahidi wa kweli. Wapenda shamba hutaja hewa safi, maziwa, na mboga zilizochumwa asubuhi hiyo hiyo. Wapenda mji hutaja soko, shule na zahanati. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba ushahidi huo umepingana kwa karibu miaka 200 kwa kuwa mji na shamba ni majina ya mahali tu, wala si sababu za kukua. Na kwamba maneno tunayotumia kutaja umri na chakula nayo yana sehemu yake katika mkanganyo huo.

Mwaka 1829 tabibu wa Kifaransa, Louis-René Villermé, alichapisha uchunguzi wa vimo vya vijana walioitwa jeshini. Zama zile wengi waliamini kwamba kimo hutokana na nasaba na hali ya hewa. Villermé aliona mambo mengine. Vijana wa Paris walikuwa warefu kuliko wenzao wa viungani. Tena, ndani ya Paris yenyewe, mitaa ya wenye mali ilitoa warefu kuliko mitaa ya mafukara. Mwaka 1831 Adolphe Quetelet wa Ubelgiji naye alieleza kwamba vijana wa Brussels wenye umri wa miaka 19 waliwazidi wa vijijini kwa sentimita chache. Hapo mji ulionekana umeshinda.

Walakini ukivuka mlango wa bahari kwenda Uingereza, hukumu yageuka. Chama cha Marine Society, kilichoundwa London mwaka 1756, kiliwachukua wavulana maskini kuwapeleka katika kazi za merikebu, na kiliandika vimo vyao daftarini. Mwishoni mwa karne ya 18 mvulana wa namna hiyo, akiwa na miaka 14, alikuwa na kimo cha wastani wa sentimita 130 hivi, yaani kimo cha mtoto wa miaka 8 au 9 wa leo aliyelishwa vizuri. Wana wa watu wakubwa waliosomea uafisa huko Sandhurst mwanzoni mwa karne ya 19 waliwazidi maskini hao wa umri wao kwa zaidi ya sentimita 10. Na John Beddoe alipokusanya vipimo vya visiwa vile mwaka 1870, alikuta wa shamba ni warefu kuliko wa mijini. Moshi wa viwanda, maji machafu, msongamano na kazi za watoto vilikuwa vimekula faida yote ya soko.

Kwetu Afrika Mashariki, mlinganisho uliosifika mno ni wa John Boyd Orr na John Gilks, uliochapishwa mwaka 1931, juu ya Wamasai na Wakikuyu. Wote walikuwa watu wa shamba. Hata hivyo mwanamume Mmasai mzima alimpita Mkikuyu kwa inchi 5, yaani karibu sentimita 13, na kwa ratili 23 za uzito. Waandishi walitaja maziwa, nyama na damu upande mmoja, nafaka na viazi upande wa pili. Mimi naona walifanya haraka kuridhika na jibu la chunguni, kwani hawakuipa uzito wa kutosha habari ya ardhi iliyokwisha kuchukuliwa na walowezi, wala ya kazi za vibarua. Lakini waliandika jambo moja lenye thamani: wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi ambayo wanaume hawakuyajali, na tofauti ya kimo baina ya wanawake wa pande mbili ilikuwa ndogo kuliko ya wanaume. Basi katika nyumba moja ya shamba mlikuwamo milo miwili, na hata miili miwili.

Sasa nije kwenye maneno. Mwili uliopungukiwa chakula huchelewa kubalehe, na kwa kuchelewa huko huendelea kukua kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukimpima msichana wa mjini na wa shamba wote wakiwa na miaka 13, pengine mmoja amekwisha kuvunja ungo na mwingine bado. Tofauti utakayoiona ni ya kimo na ya wakati pamoja, na sehemu yake yaweza kupungua wafikapo miaka 18 au 19. Tabibu J. M. Tanner aliifafanua hoja hii katika kitabu chake juu ya ukuaji wa vijana, kilichotoka mwaka 1955 na kurudiwa mwaka 1962, akasisitiza kuhesabu ngazi za mwili kando ya miaka ya kuzaliwa. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa. Kigori, mwari na barubaru ni majina ya ngazi, wala hayaulizi mtu alizaliwa mwaka gani. Somo na kungwi walitazama mwili kwanza. Siku hizi maandishi ya serikali ya Tanzania husema "vijana balehe" kwa watu wa miaka 10 hadi 19, na hapo neno la ngazi limefungwa katika idadi ya miaka. Mtoto wa miaka 10 aliyedumaa ataitwa balehe kabla mwili wake haujasikia habari.

Neno "lishe" nalo lina tabia yake. Latokana na kulisha, kitenzi cha kufanyiza kilichojengwa juu ya kula. Ndani yake mna mlishaji na mlishwa. Lamfaa mtoto mchanga. Barubaru halishwi: hula akipata, baada ya kuchunga, kulima au kubeba mizigo. Sidai kwamba sarufi ndiyo iliyopanga miradi, lakini miradi imekwenda njia hiyo hiyo. Cicely Williams, alipoeleza kwashiorkor katika Gold Coast miaka ya 1930, alichukua jina la Kiga la ugonjwa wa mtoto anayepatwa baada ya mdogo wake kuzaliwa. Tanzania ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, ikaendesha kampeni ya "Chakula ni Uhai" mwaka 1975. Na mradi wa Iringa ulioanza mwaka 1983 ulipima uzito wa watoto wa chini ya miaka 5 katika vijiji 168. Kazi hiyo ilikuwa njema, na watoto wengi waliokolewa. Walakini mizani ilimwacha mtoto mlangoni mwa shule. Hata katika uchunguzi wa afya wa kitaifa, kwa kawaida wanaopimwa kimo ni walio chini ya miaka 5 na wanawake wa miaka 15 hadi 49. Katikati pana pengo, na ndipo mwili unapopanda kwa kasi.

Pengo hilo limeanza kuonekana kwa njia nyingine. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha kazi ya wataalamu wengi waliokusanya vipimo vya watu milioni 71 wenye umri wa miaka 5 hadi 19, kutoka nchi 200, kati ya mwaka 1990 na 2020. Mwaka 1990 vijana wa mijini walikuwa warefu kuliko wa shamba karibu kila mahali, isipokuwa katika nchi chache tajiri. Kufikia 2020 tofauti ilikuwa imepungua katika nchi nyingi, na katika nchi kadhaa tajiri za magharibi wa mjini walikuwa wameachwa nyuma kidogo. Katika nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara mambo yalikwenda kinyume kwa upande wa wavulana: wa shamba hawakuongezeka kimo, au huenda walipungua, na wenzao wa mjini wakazidi kuwaacha. Hao ndio barubaru ambao mizani ya kijiji haikuwaita.