Inanga ya Mnong'ono na Usikilizaji Wake

Inanga ni ala ya nyuzi inayochongwa kwa gogo moja la mti, ikachimbwa katikati mpaka ikawa kama chano kirefu, karibu mita moja. Ugwe mmoja hupitishwa kwenye meno yaliyochongwa ncha zote mbili, ukaenda na kurudi hadi zikapatikana nyuzi sita, nane au zaidi. Zamani ugwe huo ulikuwa kano la ng'ombe. Ala hii hupigwa Burundi, Rwanda, kusini-magharibi mwa Uganda, Kivu na Kagera, ambako Wahaya huiita enanga na huitumia kusimulia tendi ndefu za mashujaa, ambazo mtafiti M. M. Mulokozi alizichunguza kwa kina katika miaka ya 1980.

Kwa Wahaya na Wanyarwanda mpigaji huimba kwa sauti. Burundi ina mtindo wa pekee unaopendwa kuliko yote: mpigaji hunong'ona. Hapo ndipo uzuri wa muziki huu ulipo, na unastahili kuelezwa polepole. Mtu anaponong'ona, koo halitetemi. Hupita pumzi tu, kwa hiyo mnong'ono wenyewe hauwezi kupanda wala kushuka kama wimbo. Hata hivyo msikilizaji wa inanga husikia maneno yakiimbwa. Kirundi ni lugha ya toni, na vidole vya mpigaji hufuata kupanda na kushuka kwa maneno anayoyatamka, silabi kwa silabi. Sikio huunganisha pumzi ya kinywa na mlio wa ugwe, likasikia sauti moja ya mwimbaji ambayo haikutoka kinywani wala kwenye mti peke yake. Mtafiti Cornelia Fales ameuchambua mchanganyiko huo, hasa katika makala yake ya mwaka 2002 kuhusu rangi ya sauti.

Muziki wa namna hii hauwezi kujaza uwanja. Ni wa jioni, wa watu wachache walioketi karibu, na ulisikika katika makazi ya mwami, yaani mfalme, kama ulivyosikika katika nyumba za raia. Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na mfano wa karibu: mtunzi na mpiga piano Frédéric Chopin, ambaye nokturni zake tatu (vipande vya piano vyenye utulivu wa usiku) za Opus 9 zilianza kuchapishwa mwaka 1832, alipendelea vyumba vya marafiki wa Paris kuliko kumbi kubwa, na wengi waliomsikia walisifu jinsi alivyopiga piano kwa upole. Huko pia mkono wa kulia uliifanya ala iimbe. Tofauti ni kwamba Chopin aliyaacha maneno kabisa, ilhali mpigaji wa inanga huyabakiza yote, yakiwa yamepungukiwa na sauti tu.

Gitega, mji wa Burundi, ndiyo mahali pa kuupima utulivu huu wa inanga, kwa kuwa hapo jirani pana Gishora, kilima cha ngoma za kifalme kinachohusishwa na mwami Mwezi Gisabo. Ngoma zilitangaza enzi hadharani, ilhali inanga ilisikilizwa na wachache. Ufalme ulipofutwa Novemba 1966, ngoma na inanga zote zilimpoteza mwami. Mwaka uliofuata Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa nchi hiyo, na sahani ya santuri iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Ocora mwaka 1968 ilikuwa na ngoma pamoja na inanga ya mnong'ono. Wanamuziki wa Magharibi walizikimbilia ngoma. Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake "The Jungle Line" wa mwaka 1975. Inanga haikupata umaarufu huo, jambo lisiloshangaza lakini la kusikitisha, maana katika rekodi zile zile ndiyo yenye siri kubwa zaidi.

Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma za kifalme za Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Uamuzi huo ulihusu ngoma peke yake. Anayetaka kuijua inanga hana budi kuisikiliza mahali palipotulia, kwanza akifuata nyuzi, kisha pumzi, kisha akiziacha zote mbili ziungane zenyewe sikioni.