Maana ya Sifa Isiyotajwa: Mstari katika Faili za Michoro ya Vekta, 1984–2001

Katika PostScript, lugha iliyotolewa na Adobe mwaka 1984, mstari ulioamriwa kuchorwa bila kutajiwa rangi wala unene ulitoka mweusi, wenye unene wa kizio 1. Kiwango cha SVG 1.0, kilichoidhinishwa na W3C mwezi Septemba 2001, kiliupa ukimya huo maana nyingine: rangi ya mstari isipotajwa wala kurithiwa, mstari hauchorwi, ilhali umbo hujazwa weusi. Hivyo, mpaka katika ramani iliyohamishwa waweza kutoonekana, ingawa viwianishi vyake vimo kamili ndani ya faili. Mrekebishaji hana budi kukagua kwanza kundi na mtindo unaorithiwa, kwani pengo hilo huenda ni kosa la uhamishaji au kusudi la mchoraji.